Mwanamke Asiyekuwa na Adui

Juzi nilifunga safari kwenda Kisii mjini. Watu wengine huita hiyo kutoka asubuhi na kurudi saa tisa. Mimi kwangu ni safari, naiaga nyumba kabisa. Nimevuka arobaini na bado nalala katika chumba kilichonilea, nachuma chai aliyoipanda Mama, na nikiona kilima cha pili dirishani natosheka, siulizi nyuma yake kuna nini. Sasa nimesimama kwenye foleni ya duka na sukari yangu na sabuni yangu, na mbele yangu yuko mama mmoja mrefu aliyebeba kibuyu chenye mshipi wa shanga. Kifuniko kimelegea. Harufu ikanifikia, ya maziwa yaliyolala siku nyingi pamoja na masizi ya mti uliochomwa.

Nikatoka kwenye foleni. Msidhani nililia. Mimi silii, hata siku tuliyomzika Mama, shangazi alinivuta kando akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nilitoka tu, nikaacha vitu juu ya kaunta, nikarudi nyumbani nikanywa chai bila sukari. Nyinyi wa rika langu, mliokaa benchi za nyuma kanisani na kaptura zilizorithiwa, labda mtanielewa nikisema ni lazima nianze na habari ya miguu.

Kanisa letu, sisi tunaosali Jumamosi, lilikuwa juu ya kilima upande wa Nyacheki, mabati yake yameshika kutu upande mmoja tu, upande wa mvua. Mara nne kwa mwaka kulikuwa na Meza ya Bwana, na kabla ya mkate lazima watu waoshane miguu. Wanaume walibaki ndani. Wanawake walikwenda kwenye chumba cha nyuma, kile tulichosomea masomo ya watoto, wakakaa wawili wawili, na beseni, na taulo, na maji ya vuguvugu yaliyonusa moshi wa kuni. Huyu anamwosha huyu, wanabadilishana, wanaomba, wanakumbatiana, wanarudi ndani. Asiyeoshwa hali mkate. Sijui kama hilo limeandikwa mahali, lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa. Sahani ikimfikia mtu ambaye miguu yake haikuguswa na maji, aliipitisha kwa jirani, na kanisa zima, likiwa limeinamisha vichwa kwa unyenyekevu, lilikuwa limeona.

Sisi watoto wa kike tuliruhusiwa kuwafuata mama zetu na kutazama, mradi tusicheke. Mwalimu wetu wa masomo ya watoto alikuwa ametufundisha maana ya jambo lenyewe. "Kabla hujala," alisema, "unamtafuta yule uliyemkosea, unamwosha miguu." Alisema mara moja tu, lakini mimi nilikuwa mtoto wa kushika neno na kutoliachilia. Tangu siku ile nikaanza upelelezi. Nilisimama karibu na mlango wa chumba kile, nikitazama nani anamwosha nani, na hivyo nikajua maadui wote wa kanisa letu.

Mama yangu alioshana na Mama Kerubo, jirani yetu, kila mara bila kukosa. Nikajua hawa wawili wanachukiana vibaya sana. Mama Kerubo alipotuletea ndizi nilizikagua kwanza. Alipocheka na Mama kwenye ua hadi wote wawili wakashika mbavu, nilimwonea Mama fahari, kwa jinsi alivyojua kuficha. Mke wa mzee wa kanisa alioshwa na wanawake watatu tofauti ndani ya mwaka mmoja, nikamhurumia, maskini, jinsi watu walivyomkosea.

"Mama," nilimwuliza siku moja tukila, "Mama Kerubo ulimfanyia nini?"

"Nilimfanyia nini wapi?"

"Mbona mnaoshana kila mara?"

"Kwa sababu miguu yake haina funza. Kula."

Nikaona ni jibu la mtu mwenye jambo zito moyoni.

Katika kanisa letu alikuwepo mwanamke mmoja wa ng'ambo. Ng'ambo ni kule nyuma ya kilima cha pili, kuvuka mpaka, kwa Wakipsigis, ambao tumeibiana nao ng'ombe tangu enzi za babu. Aliolewa na mtu wa kwetu aliyefanya kazi kiwanda cha chai, na wakamzaa Moraa, kwa hiyo tukamwita Mama Moraa, ingawa wanawake wakibaki peke yao walisema tu "yule Omosigisi," yaani Mkipsigis. Aliongea Ekegusii, lugha yetu, polepole, kila neno akilipima kwanza, na watu walicheka kabla hajamaliza. Kwa Kiswahili alitushinda wote. Moraa alikuwa dawati moja na mimi. Shuleni aliitwa Moraa, na jikoni kwao aliitwa Chebet, na nilimwonea wivu, maana mimi nilikuwa Kemunto kila mahali nilipokwenda.

Siku moja tulipotoka shule tulimkuta mjomba wake jikoni kwao, amekuja kumsalimu dada yake. Alikuwa mtu mrefu mwenye viatu vya mpira wa gari, amekalia kigoda magoti yakifika kifuani. Alitikisa kibuyu, akamimina maziwa kwenye vikombe viwili. Yalikuwa na rangi ya majivu. Nilidhani ni machafu, lakini ulafi wangu haukuwa na ubaguzi, nikanywa. Nikaongezewa.

"Na wewe," aliniuliza kwa Kiswahili, "kwenu muko na ng'ombe ngapi?"

Leo najua kwamba kwao hiyo ni salamu. Sisi huuliza kama mmeamka. Wao huuliza ng'ombe. Wakati ule nilidhani ni mtihani, na jibu letu lilikuwa la aibu.

"Wawili," nikasema. Yeye akaitikia kwa kichwa tu. Sikupenda alivyoitikia. "Lakini mjomba wangu wa kule mpakani yuko na kumi na moja."

"Kumi na moja!" Akacheka, akapiga goti lake. "Huyo sasa ni mtu!"

Mama Moraa alikuwa amepiga magoti akipuliza moto. Hakugeuka. "Kemunto," alisema, "kunywa maziwa, wacha kuhesabia watu ng'ombe."

Jioni nilimwambia Mama kwamba kwa kina Moraa kuna mgeni kutoka ng'ambo, na kwamba ameuliza habari za ng'ombe. Nilitaka nionekane mtu mwenye habari. Sikumwambia nilichojibu.

"Ameuliza ng'ombe za nani?"

"Zetu."

"Mh," alisema Mama, akaendelea kusonga ugali.

Siku ya tatu zikaja habari kwamba ng'ombe wa mjomba wangu wa mpakani wamechukuliwa. Alifuata nyayo na vijana wawili, na kwenye mteremko akapigwa mshale shingoni, akafa. Nasimulia hivi kwa sababu ndivyo nilivyosimuliwa. Alikuwa kaka yake Mama wa pekee. Alikuwa na desturi ya kunibebesha kofia yake akija kwetu, nami niliibeba kwa mikono miwili hadi mlangoni. Nakumbuka kofia. Nikitafuta ni kitu gani nilihisi siku ile, napata kofia tu.

Matangani nilikaa chini, mgongo wangu umeegemea goti la Mama. Wanawake walikuwa wameizunguka nyumba, wamechoka kulia, wamefika ile saa ambayo watu huanza kuongea. Mama akasema, bila kupaza sauti, "Kwa Mama Moraa kulikuwa na mgeni siku zile. Aliuliza ng'ombe."

"Ng'ombe za nani?" Mama Kerubo aliuliza.

"Zetu. Za ukoo wote."

Nilisikia maneno yangu yakipita juu ya kichwa changu, yamevaa nguo za watu wazima. Sikuyajua vizuri tena. Mbele yetu, kwenye kivuli cha migomba, walikuwepo vijana waliokuja kuchimba kaburi, na mmoja wao aliacha kutafuna muwa.

Kesho yake mchana jiko la Mama Moraa lilichomwa. Yeye alikuwa shambani akichuma chai, mume wake kazini. Hakuna aliyeumia, na jambo hilo lilisemwa mara nyingi sana siku zilizofuata, hakuna aliyeumia, mpaka ikawa ni mfano wa neema. Sisi watoto tuliokuwa tunatoka shule tulisimama barabarani. Vibuyu vilipasuka ndani ya moto, kimoja kimoja, na tukavihesabu kwa sauti. Tulifika saba. Moraa alikuwa amesimama upande ule mwingine wa barabara, mkoba wa vitabu mkononi. Yeye hakuhesabu.

Wiki haikuisha, akaja bibi yake kutoka ng'ambo kumchukua. Nikabaki na dawati peke yangu. Mwalimu alisema sasa nitaandika vizuri kwa kuwa nina nafasi ya kiwiko.

Sabato iliyofuata mzee wa kanisa aliombea amani mpakani. Aliomba kwa muda mrefu na kwa machozi. Mpaka ulitajwa, mishale ilitajwa, serikali ilitajwa. Jiko halikutajwa. Na Mama Moraa alikuwepo, kwenye benchi lake karibu na mlango, benchi la watu watatu, amekaa peke yake. Nilidhani amependelewa, kama mimi na dawati langu.

Kisha ikafika Meza ya Bwana. Kwenye chumba cha nyuma Mama Moraa alivua viatu, akaviweka chini ya benchi, akakaa na miguu yake imelingana juu ya sakafu ya udongo, akingoja. Zamani hakukosa mtu wa kuoshana naye. Kulikuwa na bibi kizee mmoja, kulikuwa na binti za kwaya, mtu yeyote. Safari hii wanawake walikamatana mikono haraka haraka, wengine watatu watatu kwa beseni moja. Walipomaliza kukumbatiana, Mama Moraa alivaa viatu vyake, akaingia ndani. Sahani ya mkate ilipomfikia aliipitisha.

Meza iliyofuata ikawa vilevile. Na ya tatu. Kila mara alivua viatu, kila mara alingoja, kila mara sahani ilipita mikononi mwake. Yeye hakulalamika, wala hakuacha kuja. Mume wake, nilisikia, alimwambia wahamie kanisa la upande wa kiwandani. Alikataa. Alisema alibatizwa hapa na mkate wake uko hapa.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshapata jawabu. Kama watu huwaosha wale waliowakosea, na Mama Moraa haoshwi na mtu, basi hakuna aliyemkosea. Katika kanisa zima ndiye mwanamke pekee asiyekuwa na adui. Sitaki mnione mtoto mwema hapa. Jawabu hilo lilinifaa. Kama nilichosema nyumbani jioni ile kingekuwa kosa, basi mtu angekwenda kumwosha. Hakuna aliyekwenda. Basi hakikuwa kosa. Nililala vizuri sana mwaka ule, na nikanenepa.

Karibu na wakati huo ng'ombe wanne wa mjomba walipatikana kwenye mnada wa mbali. Aliyekuwa akiwauza hakuwa mtu wa ng'ambo. Jina lake lilikuwa la kwetu kabisa, la ukoo ambao tunaoana nao. Watu wazima walipoongea habari hiyo walishusha sauti, na mtoto akiingia walianza kuongea habari za mvua. Mama hakushusha sauti wala hakuongea. Alianza tu kuacha sufuria ziungue.

Siku moja tulikuwa shambani, kila mtu mstari wake wa chai, kikapu mgongoni.

"Mama," nikasema, "mimi nikikua nataka niwe kama Mama Moraa."

"Kama nani?"

"Mama Moraa. Hana adui. Hakuna mtu amemkosea, hata mmoja."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Nimeona. Hakuna anayemwosha."

Mkono wa Mama ulikuwa umejaa majani. Kwa kawaida mtu akijaza kiganja hurusha nyuma kikapuni bila kuangalia, mkono unajua njia. Mama alibaki ameyashika. Nilimaliza mstari wangu nikarudi na mwingine, na bado alikuwa ameyashika, yameanza kuwa meusi kwa joto la kiganja.

"Chuma chai," akasema.

Ndipo wakaja Wazungu. Walikuwa wawili, mchungaji na mke wake, wageni wa kupita, na Sabato waliyosali kwetu ilikuwa ya Meza ya Bwana. Barabara ililimwa. Mabati yalipakwa rangi upande wa kutu. Wanawake walikutana mara mbili kuamua nani atamwosha miguu mama Mzungu, na mkutano wa pili karibu uvunje kanisa, lakini mwishowe Mama akachaguliwa, kwa sababu alikuwa shemasi na kwa sababu, Mama Kerubo alisema wazi, amefiwa, apewe kitu. Mama alinunua beseni jipya la buluu na taulo ambalo hatukuruhusiwa kuligusa. Wiki nzima alifanya mazoezi ya kusema "karibu" kwa Kiingereza mbele ya kuku.

Mchungaji Mzungu alihubiri, mzee wa kanisa akitafsiri. Alisema ukuta wa rangi umebomolewa msalabani. Amina. Alisema mbele za Bwana hakuna mweupe wala mweusi. Amina! Kisha akasema jambo refu, kuhusu kwao, kuhusu makanisa mawili kwenye barabara moja ambayo watu wake hawajawahi kupikiana chakula, na katikati ya maneno sauti ikamkatika, akavua miwani. Mzee wa kanisa alimsikiliza kwa makini, akatugeukia, akasema, "Kwao pia kuna shida."

Tukasema pole. Tulisema kwa moyo kabisa. Tuliwahurumia sana wale Wazungu, watu wazima na akili zao, kushindwa kukaa benchi moja kwa sababu ya ngozi. Mama Moraa, karibu na mlango, alisema pole pia. Pande zote mbili za benchi lake zilikuwa wazi.

Wakati wa kuoshana ulipofika chumba cha nyuma kilikuwa kama soko. Uchaguzi haukumzuia mtu. Mke wa mzee wa kanisa alimfikia mgeni kwanza, na kabla miguu haijakauka akafika mwingine na beseni lake, na mwingine. Mama Mzungu alicheka, akalia, akatoa mguu, akatoa ule mwingine. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukunjamana. Nilihesabu maadui wanne. Alikuwa amefika kwetu Jumatano.

Mama alisimama mlangoni na beseni la buluu.

"Mama Kemunto!" Mama Kerubo aliita. "Mgeni yuko huku! Sukuma hao, ni zamu yako!"

"Namwona," Mama alisema.

Akapita. Alipita katikati ya wanawake wale, maji yakicheza ndani ya beseni na kumlowesha kifuani, akaenda hadi ukutani, mahali Mama Moraa alipokuwa amekaa na miguu imelingana. Akapiga magoti.

Nikaogopa. Nyinyi mngeona mwanamke mwema anafanya jambo jema. Mimi nilikuwa na elimu yangu. Kwa elimu yangu, Mama alikuwa amemkosea Mama Moraa, na kulikuwa na kosa moja tu ambalo mimi nilijua. Nikasogea, nikasimama nyuma ya bega lake.

Mama hakugusa miguu. Aliongea Kiswahili, lugha ambayo alikuwa akiitumia kwa daktari na polisi.

"Ni mimi nilisema," alisema. "Kwa matanga. Maneno ya mgeni wako."

"Najua," Mama Moraa akajibu.

"Unajua?"

"Kanisa yote inajua. Wewe tu ndiyo ulikuwa hujasema."

Chumba hakikunyamaza. Nyuma yetu walikuwa bado wanacheka na mgeni. Mama alichovya vidole kwenye maji, akavitoa.

"Na wewe," Mama Moraa aliuliza, "nani alikuambia?"

Mgongo wa Mama ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa naona kishono cha zipu ya gauni lake la Sabato, mahali alipokirudia kwa uzi wa rangi nyingine. Nilikitazama sana.

"Nilimwona mwenyewe," Mama alisema.

"Ulimwona wapi?"

"Nikipita. Hapo kwa jikoni yako."

"Mama Kemunto." Mama Moraa alisema jina hilo taratibu, jinsi alivyokuwa akisema maneno yote ya lugha yetu. "Miaka yote hii, wewe hujawahi ingia kwa jikoni yangu. Hata kuomba moto."

"Nilimwona," Mama akasema tena.

Mama Moraa aliinua macho. Yalipita juu ya bega la Mama, yakasimama kwangu. Hayakuwa makali. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango, kuona kama kuna anayetoka. Sikutoka. Nilisikia mtu akisema kwa Kiingereza asante, asante, na sikuhisi kitu chochote, wala aibu, wala hofu ile ya kwanza, ilikuwa imeondoka na kuniacha nimesimama.

Mama Moraa akashusha macho, akaweka mguu ndani ya maji.

"Basi osha," alisema. "Maji inapoa."

Mama alimwosha. Wakabadilishana. Hawakukumbatiana, Mama alianza kunyanyua mikono, na mwenzake akampa mkono wa salamu, akaushika, basi. Waliporudi ndani, Mama Moraa alikaa benchi lake la siku zote. Sahani ilipofika alichukua kipande. Alikiangalia kwanza. Kisha akakila polepole mno, mpaka shemasi aliyeshika sahani akajikuta amesimama hapo bila sababu.

Na Mama naye akala. Sisi tulifundishwa kwamba anayekula mkate ule na uongo kinywani anajilia hukumu. Uongo wa Mama haukuwa umekauka; ulisemwa juu ya maji ya kuosha miguu, nusu saa iliyopita, na ulikuwa kwa ajili yangu. Nilitazama mdomo wake nikingoja aanguke. Alitafuna, akameza, akapangusa kona ya mdomo kwa kidole. Hakuanguka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma, aliniuliza bila kugeuka.

"Huyo mgeni ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Hata kitu?"

"Hata kitu, Mama."

"Basi," akasema. Tukaendelea kutembea.

Baada ya hapo Mama Moraa hakukosa tena wa kuoshana naye. Meza iliyofuata Mama Kerubo alimwahi, akifanya kelele nyingi kana kwamba wazo ni lake, na iliyofuata mwingine. Wanaume walimjengea jiko jipya, la mabati. Wote walilisifu. Moraa hakurudi. Alisomea ng'ambo, akaolewa ng'ambo, na nasikia ana watoto ambao Ekegusii hawakijui. Mama na Mama Moraa walisalimiana Sabato hadi Sabato mpaka Mama alipougua, wala sikuwahi kuona mmoja wao akiingia jikoni kwa mwenzake.

Nilibatizwa mtoni nikiwa na miaka kumi na minne, katika maji baridi kiasi kwamba niliungama dhambi zangu kwa ufupi. Meza yangu ya kwanza niliingia chumba cha nyuma nikitafuta binti wa rika langu wa kuoshana naye, mwenye miguu isiyo na funza. Kabla sijampata, nikaona beseni limewekwa mbele yangu. Mama Moraa alikuwa amepiga magoti. Alinivua viatu mwenyewe. Mikono yake ilikuwa migumu kwa chai, kama ya kila mtu.

"Una neno, Kemunto?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Alikuwa ameshika kisigino changu. Alingoja. Maji yalitulia kabisa, nikaona dari ndani yake.

"Hapana, Mama," nikasema.

Akaniosha, akanikausha, hata katikati ya vidole. Nami nikamwosha. Tukaingia ndani tukala mkate.

Tangu siku ile ananichagua mimi. Mara nne kwa mwaka, na mimi ni mtu wa nyumbani, sijawahi kukosa Meza. Wanawake vijana wanaona ni jambo zuri. Mmoja aliniambia kwamba sisi wawili ni ushuhuda, kabila mbili, beseni moja. Nikamwambia asante. Mama Moraa amezeeka sasa. Mume wake alitangulia, Mama yangu ametangulia, na magoti yake hayakunjiki tena, kwa hiyo Meza iliyopita nilimwekea kigoda, akaketi hapo, akainamia beseni huku akipumua kwa nguvu.

"Una neno, Kemunto?"

"Hapana, Mama."

Akatikisa maji kidogo mkononi.

"Haya," akasema. "Lete mguu ule mwingine."